Nguruwe Aliyeogopa Lango

Inspekta Nagumo alilitukana goti lake kimoyomoyo, akaitukana barabara ya nyuma iliyozibwa na maporomoko ya udongo, na kwa kuwa alikwisha kuanza, akamtukana pia mkuu wake wa kazi aliyemtuma kijiji cha Tsuzurao kumtafuta mtu aliyepotea tangu tufani ya mwezi wa tisa. Sasa mwezi wa kumi ulikuwa unaisha. Mbele yake ngazi za mawe zilipanda kati ya mierezi mikubwa, zimeota ukungu wa kijani, zinateleza. Juu kabisa, asikoweza kukuona, ndiko lilikokuwa hekalu la mungu wa mlima.

"Polepole, afande," alisema Konstebo Isomura, naye mwenyewe anatweta. Isomura alikuwa polisi wa kijiji, mzaliwa wa hapohapo, mnene, mdomo wake haujui kupumzika. "Mimi ngazi hizi nimezipanda tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu, na bado sijazizoea."

"Basi hukuzipanda. Ulipandishwa."

"Kweli, afande. Na leo nani atanipandisha?"

Aliyepotea aliitwa Orito Shuzo, mkulima wa uyoga, mtoto wa kwanza wa Mama Fusae na mkuu wa waumini wa hekalu hilo. Siku ya tufani alitoka nyumbani mchana kwenda kuikaza milango ya hekalu isije ikang'olewa na upepo. Hakurudi. Mdogo wake, Teruo, aliwaambia polisi kwamba kaka yake alikuwa amekichoka kijiji, kwamba alikwisha kumdokezea habari za mwanamke wa Osaka, na kwamba begi lake dogo halionekani. Mama yao hakukubali wala hakukataa. Kila asubuhi alipanda mlimani, Teruo akimsindikiza, kumwomba mungu amrudishie mwanawe. Na hilo ndilo alilotumwa Nagumo kulijua, maneno mengine yote ni mapambo: yule mama aendelee kungoja, au aache?

"Kijiji kinasemaje?" aliuliza.

"Kijiji kizima kinamtaja mtu mmoja. Kumashiro, mkata magogo. Aliitaka mierezi hii, Shuzo akamwambia labda akate shingo yake kwanza. Lisemwalo lipo, afande."

"Au limeanzishwa na mtu. Tupande."

Wakafika lango la kwanza, la mawe, nguzo mbili na mihimili yake juu. Isomura akainamisha kichwa, akapita kando kando ya nguzo, maana katikati ni njia ya mungu. Nagumo naye akainama. Lakini alipoinuka hakupita. Alikuwa anatazama kushoto, nje ya nguzo, kwenye kichaka cha vimianzi vifupi vilivyofunika ubavu wote wa mlima. Palikuwa na kijinjia. Kilianza kwenye ngazi chini kidogo ya lango, kikalizunguka lile lango kwa nje, kikarudi kwenye ngazi palepale juu yake.

"Nani anapita hapa?"

"Nguruwe pori," Isomura akajibu bila hata kugeuka vizuri. "Mwaka huu wametuonea. Viazi vitamu vya mke wangu wamevimaliza, na mke wangu amenimaliza mimi. Anasema polisi gani anaibiwa na nguruwe."

Nagumo akavipapasa vile vimianzi. Vingine vilikuwa vimevunjika zamani, vimekauka, vimekuwa rangi ya chai. Vingine bado vilikuwa vibichi. Mtu au mnyama alipita hapa mara nyingi, na bado anapita. Wakaendelea.

Lango la pili lilikuwa la mbao, limepakwa rangi nyekundu iliyokwisha kuanza kubanduka. Na kushoto kwake, kijinjia kilekile.

"Huyu nguruwe wenu mbona ana adabu?" Nagumo akasema. "Anapanda kwa ngazi kama waumini. Akifika langoni, anazunguka."

"Labda anaogopa rangi nyekundu."

"Lile la chini ni la mawe."

Isomura akakuna kisogo. "Nguruwe wa huku wana mambo yao, afande."

Nagumo akachutama, goti likalia kama mlango mbovu, akavisogeza vimianzi kwa mkono. Chini palikuwa na tope, na kwenye tope palikuwa na alama ya kiatu cha mpira, cha aina ile ambayo kidole gumba hukaa chumba chake peke yake.

"Kumbe anavaa na viatu," alisema.

Sasa Isomura akachutama naye, uso umembadilika. "Hivi ni viatu vya watu wa msituni. Nusu ya wanaume wa kijiji wanavaa hivi." Akafikiri. "Kumashiro anavaa hivi."

Kwenye lango la tatu, karibu na kilele, hawakuhitaji kuulizana. Kijinjia kilikuwepo.

Juu walinawa mikono kwenye birika la mawe, wakasukutua, wakaingia uani. Hekalu lilikuwa dogo, la zamani, mbao zake zimepauka kwa mvua na jua, paa lake la magome limeota majani. Mbele ya ngazi zake alipiga magoti mwanaume mpana wa mabega, kichwa amekiinamisha kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele yake kwenye mkeka imewekwa misumeno miwili mipya ya kukatia miti. Kuhani Utsumi, mzee mwembamba mwenye joho jeupe, alikuwa anaipungia misumeno ile fimbo yenye karatasi nyeupe, ili isimkate mwenyewe. Nagumo alisubiri. Hata polisi hamkatizi kuhani.

Ilipokwisha, Isomura akainama hadi kiunoni. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umezidi kunenepa, Isomura." Kuhani alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya kijiji miaka mingi, maana hekalu la mlimani halimlishi mtu, na wanafunzi wake wazima walikuwa bado wanamwogopa. "Na huyu ndiye Inspekta?"

"Ndiye mimi. Samahani kwa kuingilia ibada." Nagumo akamgeukia mpiga magoti, ambaye sasa alikuwa anajipangusa vumbi. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, kidole gumba peke yake. "Bwana Kumashiro. Kwa nini hupiti langoni?"

"Lango gani?"

"Yote matatu."

Kumashiro akacheka kwa sauti. "Afande, mimi ngazi zile sijazikanyaga tangu mwaka jana. Nina goti bovu. Nimekuja na lori kwa njia yangu ya magogo, upande ule wa bonde, si ile barabara iliyozibwa." Akanyoosha kidole nyuma ya hekalu, na kweli, kati ya miti lilionekana lori jipya, limefungwa kishada cha karatasi mbele kama bibi harusi. "Hata lori limebarikiwa. Mniulize lingine."

"Siku ya tufani ulikuwa wapi?"

"Enhe! Hilo ndilo." Akamtazama Isomura kwa jicho kali. "Nilikuwa hapa. Nilikuja kumbembeleza Kuhani kuhusu mierezi, upepo ukanikuta. Tangu mchana mpaka jioni nilikuwa nimeegemea mlango ule kwa mgongo, usiruke. Lakini kijiji kimeshanihukumu. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwuaji!"

Nagumo akamtazama Kuhani.

"Ningefurahi sana kukwambia ni mwongo," Kuhani akasema, "maana simpendi. Lakini alikuwa hapa. Mimi nilishika mlango wa kulia, yeye wa kushoto. Alikuwa analia anamwita mama yake."

"Nilikuwa naimba!"

"Kama kule ni kuimba, mama yako alikosea kukupeleka shule."

Isomura akageuza uso acheke pembeni. Nagumo alikwisha kumfuta Kumashiro kichwani mwake, ila si kabisa. "Shuzo alifika?"

"Hakufika," Kuhani akajibu, na utani ukamtoka usoni. "Tulishangaa. Shuzo kutokuja siku ya upepo? Mtu aliyekuwa anakuja kuangalia milango hata paka akipiga chafya? Tulidhani mama yake amemzuia."

Basi Shuzo alitoka nyumbani, na hekaluni hakufika. Kilichompata kilimpata ngazini, au kandokando yake.

"Mierezi," Nagumo akamrudia Kumashiro. "Shuzo alikukatalia. Ukaacha?"

"Nisingekata tamaa namna ile. Mdogo wake aliniambia nisubiri." Kumashiro akakunja mikono kifuani. "Teruo. Yeye alitaka iuzwe, miti michache tu ya pembeni. Alisema kaka yake ni mgumu lakini anajua pa kumshika. Siku ileile ya tufani asubuhi aliniambia: leo namaliza maneno na kaka. Tangu hapo nikipita njia hii, yeye anapita ile."

"Hili mbona hukuwaambia polisi?"

"Mlikuja kuniuliza nimemzika wapi, afande. Hamkuja kuniuliza lingine."

Isomura akatazama viatu vyake.

Kumashiro alipoondoka na misumeno yake iliyobarikiwa, Nagumo aliketi kwenye ukingo wa baraza, akaunyoosha mguu. Kuhani akaketi kando yake. Chini ya mhimili wa hekalu ilining'inia kamba nene ya majani ya mpunga, imechakaa, imekuwa ya kijivu.

"Mbona hamjafunga mpya? Sherehe ya mavuno si wiki ijayo?"

"Hufungwa na mkuu wa waumini. Hayupo, basi hufunga ndugu yake. Nilimwomba Teruo. Akasema mgongo unamuuma."

"Na atakayebeba sanduku la mungu kushuka nalo kijijini?"

"Nilimwomba pia. Mgongo."

Nagumo akaitazama tena ile kamba iliyochakaa. Jambo alilotaka kuuliza alilijua jibu lake. Alikulia mjini, lakini bibi yake alikuwa mtu wa mlimani, na mambo mengine hayahitaji kusomewa. Hata hivyo alitaka kulisikia kwa mdomo wa mwenyewe.

"Kuhani, mtu asiyepita chini ya lango, anayelizunguka kwa nje, ana nini?"

Mzee alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayeuliza moja na moja ni ngapi. "Amefiwa. Mwenye msiba ana uzito wa kifo mwilini, hauingizi kwa mungu. Anakaa nyumbani mpaka msiba wake uishe. Akilazimika kabisa kuja, hapiti langoni, anazunguka, hagusi kengele. Hili hata Isomura analijua."

"Nalijua, Mwalimu," Isomura akasema, karibu kwa hasira. "Lakini hapa Tsuzurao hakuna mfiwa. Wa mwisho kufa ni bibi wa duka la tofu, na huo ulikuwa mwaka jana. Mimi ndiye ninayesimamisha magari kwenye mazishi, ningekosa kujua?"

"Ndiyo maana uliona nguruwe," Nagumo akasema, bila ubaya. "Ulihesabu wafu wote unaowajua, ukakuta hawatoshi."

Isomura akaanza kuhesabu tena kwa vidole.

Kutoka chini ilisikika sauti ya mtu anayepanda taratibu, hatua nzito. Nagumo akainuka, akaenda mwanzo wa ngazi, akasimama nyuma ya mwerezi. Kutoka hapo aliliona lango la tatu vizuri. Teruo alikuwa anapanda, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shingo imemtoka mishipa, na mgongoni amembeba mama yake. Walipokaribia lango akachutama, akamshusha. Mama Fusae akatengeneza kitambaa cha kichwani, akainama mbele ya lango, akapita chini yake kando kando, polepole, hakugeuka nyuma. Teruo akaingia kwenye vimianzi. Alizunguka ameinamisha kichwa, akatokea juu ya lango, akachutama tena, mama akapanda mgongoni.

"Mgongo," Kuhani akanong'ona nyuma ya Nagumo, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Naomba umchukue mama ofisini kwako baada ya maombi," Nagumo akamwambia. "Mpe chai. Mchelewesheni."

Mama Fusae alikuwa mdogo wa umbo kuliko alivyomtarajia, lakini macho yake yalikuwa makali, hayajazeeka. Nagumo akamwinamia sana. "Shikamoo, Mama. Mimi ndiye Inspekta kutoka mjini."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari?"

"Bado, Mama."

"Bado ni neno zuri." Akaitikia kwa kichwa. "Mimi kila mlo nampakulia wali wake, nauweka mahali pake, naufunika. Nikifunua, kifuniko kimetoa jasho kwa ndani. Wazee walisema kifuniko kikitoa jasho, mwenye chakula chake yu hai huko aliko."

Alisema maneno hayo akimtazama Teruo, si Inspekta. Teruo alikuwa anatazama mizizi ya mti.

Mama akanawa, akatupa sarafu yake, akavuta kamba ya kengele, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akafumba macho. Teruo alibaki mbali, karibu na mbwa wawili wa mawe wanaolilinda hekalu. Hakunawa. Kengele hakuigusa. Alisimama tu, mikono ameibana ubavuni, kama mtu aliyesimamishwa nje ya darasa. Kisha Kuhani akamshika mama mkono, akamwongoza ofisini, Isomura akafuata akizungumza habari za viazi vitamu.

Nagumo akamsogelea Teruo.

"Bwana Teruo. Nani amefariki?"

Kijana yule hakushtuka upesi. Kwanza alitazama ofisini alikoingia mama yake. "Sikuelewi, afande."

"Unazunguka malango yote matatu. Nani amefariki?"

"Shangazi yangu. Yuko... alikuwa Tottori."

"Pole sana. Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Shangazi upande gani?"

"Upande wa mama."

"Dada yake mama, basi. Mbona mama yako anapita langoni?" Teruo akarudi nyuma hatua moja. "Na Kuhani alipokuomba ufunge kamba, kwa nini hukumwambia kwamba umefiwa? Hiyo ni sababu ambayo hakuna mtu duniani angekuuliza swali la pili. Ukasema mgongo. Mgongo huo umembeba mama yako toka chini hadi hapa, na mimi nimepanda mikono mitupu nusura nife."

"Alitaka kuja," Teruo akasema kwa sauti ndogo. "Kila siku anataka kuja. Peke yake hawezi."

"Najua. Nawe ulishindwa kumkatalia, ukashindwa kupita. Nikienda kwa mwendesha mashtaka nikamwambia nina ushahidi wa vimianzi vilivyovunjika, atanifukuza ofisini. Kwa hiyo sikuogopeshi na mahakama. Nakuuliza tu. Nyumbani kwenu mfiwa ni mmoja, wa pili hajaambiwa. Ataambiwa lini?"

"Nimeshaambiwa," ikasema sauti.

Mama Fusae alikuwa amesimama kwenye baraza la ofisi, kikombe cha chai bado mkononi. Nyuma yake Kuhani na Isomura walisimama kama watoto waliovunja chungu. Ni nani angemzuia?

"Mama..." Teruo alianza.

"Nimeambiwa tangu siku ya kwanza." Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, asimwage chai. "Tulipokuja mara ya kwanza kumwombea kaka yako, ulinishusha langoni ukaniambia Mama tangulia, nafunga kiatu. Viatu vyako havina kamba, Teruo. Nimekuzaa mimi. Nikageuka kidogo, nikakuona uko kwenye majani. Nikajua mwanangu mmoja kafa, na huyu aliyebaki anajua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu."

Mama akamgeukia Kuhani. "Nikasema, na mimi nikizunguka nitakuwa nimemzika. Basi nikapita. Kesho yake nikapita tena. Nimemkosea mungu, Kuhani, nimemwingilia na msiba wangu kila siku. Lakini nilikuwa napita, na kwa kuwa nilipita, Shuzo alikuwa hajafa. Ndivyo nilivyofanya."

Kuhani akafunika macho kwa mkono. Hakumkaripia.

"Sasa mjibu Inspekta," mama akasema. "Nimechoka kupita."

Teruo akapiga magoti palepale kwenye changarawe. Maneno yalianza kumtoka, mwanzoni kwa mikwaruzo, kisha yote kwa pamoja. Alimngoja kaka yake siku ile chini kidogo ya lango la tatu, mvua imekwisha kuanza. Alimwambia habari za mierezi ya pembeni, Shuzo akamjibu kwamba miti ya mungu haina pembeni. Wakarushiana maneno. Teruo alimsukuma. Mara moja tu, kifuani. Ngazi zilikuwa zinateleza, Shuzo akatoka nje ya ukingo, akaangukia kwenye mawe ya kijito.

"Alikufa palepale?" Nagumo akauliza. Ilikuwa lazima aulize.

"Hapana. Alikuwa anapumua, anasema. Miguu haikutaka kusogea. Nikamweka mgongoni nimshushe kwa daktari. Akanishika ukosi. Akasema, tuko ndani ya ardhi ya mungu, na sherehe iko karibu, nisifie hapa. Nitoe, Teruo, nitoe." Alikuwa analia sasa. "Chini ni mbali, kuna malango mawili ya kuvuka. Juu, ukilipita hekalu kwa msituni, jiwe la mpaka wa ardhi hiyo liko karibu. Nikampandisha juu. Alikuwa ananihimiza. Tulipolivuka lile jiwe nikamwambia kaka, tumetoka. Hakujibu."

Isomura alikuwa amevua kofia bila kujua.

"Ungeshuka," Nagumo akasema polepole, "angepona?"

"Sijui, afande. Nakaa macho na swali hilo. Wewe ungepanda au ungeshuka?"

Mtu wa mjini angemjibu mara moja: daktari kwanza, mungu baadaye. Nagumo alilipata jibu hilo mdomoni, akamtazama Kuhani, akamtazama Isomura, akaona kwenye nyuso zao kwamba wote wawili wangepanda. Akalimeza.

"Yuko wapi?"

"Kwenye tanuri la zamani la makaa, ng'ambo ya mpaka. Nililiziba kwa mawe. Begi lake nililichukua nyumbani baadaye, nikaliweka humohumo." Akapangusa uso kwa kiganja chenye tope. "Nilitaka kusema siku ileile. Nilishuka mbio, nimelowa, nimeshaandaa maneno. Nikafungua mlango, nikamkuta Mama anampakulia wali. Akaniuliza, kaka yako anakuja? Nikasema... nikasema anachelewa."

"Ukaongeza na mwanamke wa Osaka."

"Ndiyo."

"Kumsukuma ni kosa, na kumficha ni kosa, na hayo yana vifungu vyake," Nagumo alisema. "Kumzushia marehemu mwanamke hakuna kifungu. Hilo utalimaliza na mama yako." Lakini alisema bila ukali. "Isomura, piga simu. Waje watu wa uchunguzi, wapitie njia ya magogo. Tanuri lisiguswe mpaka wafike. Halafu nenda kwa Kumashiro ukamwombe radhi, wewe mwenyewe, mbele ya majirani zake."

"Ndiyo, afande."

Pingu zilikuwa kwenye mkoba wake. Hakuzitoa. Kijana yule hakuwa na pa kukimbilia, na kama angekuwa napo angekwisha kwenda.

Mama Fusae alishuka kutoka barazani bila kumshika mtu, akavuka changarawe, akasimama mbele ya mwanawe aliyepiga magoti. Nagumo alidhani atampiga. Isomura naye alidhani hivyo, alionekana alivyosogea. Hakumpiga.

"Pale mgongoni kwako," alisema, "aliniita?"

Teruo akainua uso. Uongo ulikuwa karibu, mtamu, na katika watu wote waliosimama pale hakuna ambaye angemlaumu kuusema. Hata Nagumo, ambaye kazi yake ni kuwachukia waongo, alitamani ausikie.

"Hapana, Mama," Teruo akasema. "Aliuliza kama milango ya hekalu imefungwa vizuri."

Mama alilipima jibu hilo. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara ya pili.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwanangu huyo."

Akaketi chini kwenye changarawe, kando ya mwanawe aliyebaki, akamlilia Shuzo kwa sauti, na Kuhani hakumwambia anyamaze.